Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Katuni Inavyotisha Bila Sauti

Swali: "Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Muheza. Napenda sana zile filamu za mtu wa mjini anayekwenda kijijini akakuta wanakijiji wana jambo lao. Nimeanza kuchora hadithi ya namna hiyo: mwalimu mgeni amepangiwa shule ya kijijini, na jirani na shule kuna mbuyu ambao watu hawausogelei. Nina kurasa nne. Jini anatokea ukurasa wa kwanza, ana meno marefu na macho mekundu. Wote niliowaonyesha wamecheka. Mmoja akaniambia katuni haiwezi kutisha kwa sababu haina sauti, haina mwendo, na msomaji anaifunga akitaka. Ni kweli? Na kama si kweli, walioweza wanafanyaje?"

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Waliocheka wasikuvunje moyo, wamekufanyia uhariri wa bure. Huyo wa mwisho ndiye ninayetaka kubishana naye, kwa sababu vitu vitatu alivyovihesabu kuwa kasoro ndivyo vinavyoipa katuni nguvu, na kwa hadithi za kijijini hasa.

Kwanza tukubaliane jina la hadithi za namna hii. Waingereza wana lao, folk horror. Mimi kwa Kiswahili huiita hofu ya kienyeji, na sijapata neno linalolishinda hilo. Kienyeji ni cha mwenyeji, na hadithi hizi ukizikamua zote zinabaki na watu wawili: mgeni na mwenyeji. Filamu inayohesabiwa kuwa mama wa kundi hili, The Wicker Man ya mwaka 1973, inamhusu sajini wa polisi anayeruka kwa ndege hadi kisiwa cha Summerisle huko Uskoti, kumtafuta msichana aliyepotea. Wenyeji wanamkaribisha, wanaimba, wanamzungusha huku na huku kwa tabasamu. Mwishowe anaelewa kwamba matufaha ya kisiwa yalikataa kuzaa, na kwamba dawa ya matufaha ni yeye. Wanamfungia ndani ya sanamu kubwa la mtu lililosukwa kwa fito na kulitia moto, wao wakiimba. Sisi tuna methali tunayoitamka kila mgeni anapobisha hodi, wala hatuifikirii: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hebu itamke tena polepole ukimfikiria yule sajini.

Katika filamu hiyo kuna sharti moja ninalotaka ulishike. Kafara lazima aje kwa hiari yake. Angekamatwa barabarani na kuburutwa, dawa isingefanya kazi. Sasa rudi kwenye hoja ya rafiki yako. Filamu ikishaanza inakwenda nawe utake usitake. Ukifumba macho, sauti inakufuata. Katuni imelala mezani imenyamaza. Haisogei hata fremu moja, yaani kisanduku kimoja cha picha, mpaka wewe uisogeze, na kila ukurasa unaufunua kwa kidole chako mwenyewe. Kweli unaweza kuifunga. Ndiyo maana usipoifunga umekwenda kwa miguu yako, kama sajini.

Bibi zetu walilijua hili kabla ya kitabu chochote. Paukwa! Na hadithi haiendi mpaka watoto waitike: Pakawa! Mtoto aliyeitika ameshaingia, hawezi tena kusema hakuiomba hadithi. Kufunua ukurasa ni kuitikia Pakawa.

Halafu kuna mwanya. Ule mstari mweupe kati ya fremu na fremu, upana wake hauzidi ncha ya kidole, ndipo katuni inapofanyia mambo yake. Chukua mfano huu. Fremu ya kwanza: mama mwenye nyumba amesimama mlangoni usiku, kibatari mkono mmoja, mkono wa pili hauonekani, mgeni amelala. Fremu ya pili: asubuhi, kuku wanadonoa uani, kitanda kimetandikwa vizuri. Nani kamwua mgeni? Mchoraji hakuchora mauaji yoyote. Umeyafanya wewe, kwa silaha uliyoichagua mwenyewe, na pengine ni mbaya kuliko ambayo yeye angeichora. Scott McCloud, Mmarekani aliyeandika kitabu kizima cha katuni kuhusu katuni mwaka 1993, aliligusa jambo hili kwa mfano wa shoka: mchoraji analiinua, msomaji ndiye analishusha.

Mimi naongeza hatua moja, maana McCloud alikuwa akizungumzia katuni zote. Katika hofu ya kienyeji uovu haufanywi na mtu mmoja kwa siri. Kijiji kizima kinajua na kijiji kizima kinanyamaza. Kwa hiyo msomaji anayejaza mwanya kila mara, akajua kilichotokea bila kuambiwa, polepole anaacha kuwa mgeni. Ameanza kujua yanayojuliwa na wenyeji, na amenyamaza kama wao. Filamu inaweza kukuonyesha kijiji chenye siri. Katuni inakuandikisha humo.

Kama una bando, anza na Emily Carroll, Mkanada. Tarehe 31 Oktoba 2010 aliweka mtandaoni hadithi fupi iitwayo His Face All Red. Inafunguka na mtu anayetuambia kwamba yule bwana pale, anayependwa na watu wote, si kaka yake. Kisha anaanza kutueleza. Kuna mnyama alikuwa akimaliza mifugo ya kijiji. Ndugu wawili wakaingia msituni kumwinda, akarudi mmoja, mkononi ana koti lililochanika la mwenzake. Kijiji kikamlilia marehemu. Sisi tunajua wasiyoyajua: mdogo kamwua kaka yake na kumtupa shimoni, kwa wivu tu. Na siku chache baadaye kaka anatoka msituni mzima wa afya, na koti lake halina hata uzi ulioachia.

Angalia ufundi ulivyo hapo. Hakuna pepo wala damu inayochuruzika, na wanakijiji wamefurahi. Mtu mmoja tu ndiye anayejua kwamba kitu hiki hakiwezekani, naye hawezi kusema, kwa sababu kusema ni kukiri. Mwenyeji wa tangu kuzaliwa amekuwa mgeni kijijini kwake kwa siku moja.

Kisha anarudi kwenye lile shimo na kushuka. Mchoraji mwingine angechora fremu tatu: juu, katikati, chini. Carroll ameufanya ukurasa wenyewe kuwa mrefu kama shimo. Unausogeza kwa kidole, giza. Unausogeza tena, giza bado. Mwendo ambao rafiki yako anasema katuni haina upo, ila unatoka mkononi mwako: wewe ndiye unayemshusha yule muuaji, kwa kasi unayoitaka, na ukiona hofu inazidi unapunguza, na ukipunguza unakaa gizani muda mrefu zaidi. Kilichopo chini sikuambii. Hadithi hiyo ilipoingia kitabuni mwaka 2014, katika mkusanyo wa Through the Woods, shimo lilibidi likatwekatwe liwe kurasa za kufunua. Mimi bado naipenda zaidi ile ya mtandaoni, na sisemi hivyo mara nyingi, maana ni mtu wa karatasi.

Mkusanyo huohuo unafunguliwa na mabinti watatu katika nyumba iliyozingirwa na theluji. Baba anaondoka na kuwaachia neno moja: nisiporudi ifikapo siku ya tatu, nendeni kwa jirani. Harudi. Halafu kuna mtu mrefu mwenye kofia pana anayekuja usiku, na mabinti wanapungua mmoja mmoja. Kutoweka kwenyewe hakuchorwi. Kinachochorwa ni theluji, ukurasa mweupe, weupe uleule wa karatasi. Kwa mchoraji wa katuni theluji ni karatasi ambayo haikuguswa, na mwanya kati ya fremu ni mweupe vilevile, basi binti akitoweka huna hakika ameingia theluji ya hadithini au ameanguka nje ya fremu.

Sauti je? Twende Marekani, milima ya Appalachia katika Virginia, mwaka 1958. Ndiko ilikowekwa The Crooked Man, hadithi ya sehemu tatu iliyotoka mwaka 2008, imeandikwa na Mike Mignola na kuchorwa na marehemu Richard Corben. Mignola ndiye aliyemzua Hellboy, lile jitu jekundu lenye mkono wa jiwe, lakini humu Hellboy ni mgeni tu anayepita. Mwenye hadithi ni Tom Ferrell, mtoto wa milima ile aliyejaribu uchawi ujanani, akakimbia, na sasa amerudi. Katika nyumba moja wanakuta ngozi tupu ya mwanamke imelala kama khanga iliyovuliwa. Ni ngozi tu, ndani hamna mtu. Anatokea mnyama mdogo, rakuni, yule mwenye alama nyeusi machoni kama amevaa kinyago. Anaingia kinywani mwa ile ngozi, nayo inaanza kujaa.

Nimewasomea tukio hili wanafunzi wangu nikiwa nimekinyanyua kitabu wakione wote, na kila mwaka kuna mmoja anayekunja uso na kuziba masikio. Masikio! Anaziba asisikie nini? Hakuna aliyepiga sauti yoyote. Ngozi ikivutika, kucha za mnyama zikipita kooni, vyote amevisikia ndani yake. Corben alijua kuchora mwili ukaona uzito wake, mashavu na matumbo kama udongo wa mfinyanzi, basi kila hatua anayoichora inakuachia hatua moja usiyoonyeshwa, na katika hiyo ndimo sauti ilimo. Hadithi hiyo ilipata tuzo ya Eisner mwaka 2009, na kwa maoni yangu tukio hili peke yake lilitosha.

Mignola anapochora mwenyewe ana hila nyingine, nayo nakushauri uiibe bila aibu. Watazame watu wake wakizungumza. Ghafla, katikati ya maneno, kuna kifremu kidogo cha uso wa sanamu la jiwe, au kunguru, au msalaba uliopinda kaburini. Hakina maneno. Fremu inayofuata watu wanaendelea kuzungumza kana kwamba hakuna kilichotokea. Mara ya kwanza unadhani ni pambo. Mara ya tano unaelewa kwamba mahali pale panasikiliza. Hila hiyo imo katika hadithi yake fupi The Corpse, iliyowekwa Ayalandi, ambamo Hellboy ili mtoto aliyeibwa na viumbe wa kule arudishwe, anabebeshwa maiti mgongoni na kutakiwa kuizika kwenye ardhi ya kanisa kabla ya alfajiri. Anabisha kanisa hili, wafu wa pale wanamkatalia, anakwenda lile. Hadithi hiyo mwanzoni ilitoka vipande vya kurasa mbilimbili ndani ya katalogi ya msambazaji wa katuni, na chanzo chake ni ngano ya Kiayalandi. Ukiisoma utaona wino mweusi unavyotumika. Giza la kwenye filamu ni mwanga uliopungua. Weusi wa Mignola ni kitu, umekaa pale kama jiwe, na watu wanatembea wakiukwepa.

Nikiwa bado kwake: mwaka 2006 yeye na Corben walitoa Makoma, iliyotokana na ngano ya Wasena wa bonde la Zambezi, ambayo Waingereza waliipata katika mkusanyo wa Andrew Lang wa mwaka 1906. Shujaa ana nyundo na gunia, anakusanya majitu humo. Niliitafuta kwa hamu, ngano ya jirani zetu kabisa, na nilipoisoma nilifurahi lakini sikuogopa hata kidogo. Majitu yamechorwa vizuri. Lakini ile nchi ingeweza kuwa popote. Milima ya Virginia Corben aliichora kama mtu anayejua njia ipi ina matope; bonde la Zambezi likawa pazia la nyuma ya jukwaa. Hofu ya kienyeji ikikosa ardhi yake inageuka sarakasi, hata iwe na majitu mangapi.

Kwa habari ya ardhi, Wajapani ndio wenye shule. Junji Ito, aliyekuwa fundi wa meno kabla ya kushika kalamu kwa kudumu, alichapisha Uzumaki kati ya 1998 na 1999. Mji mdogo wa pwani, Kurouzu, umelaaniwa, na laana yenyewe haina sura ya mtu wala shetani. Ni umbo tu: msokoto, kama gamba la konokono. Baba mmoja anaanza kwa kulikodolea macho gamba la konokono ukutani kwa saa nzima. Mwisho wake anakutwa amejikunja ndani ya pipa la duara la mbao, mwili umesokotwa wote, na maiti yake inapochomwa moshi unajisokota angani. Mtoto wake anaona kinachokuja na anataka kuhama. Ukishafika katikati ya kitabu, kuhama hakuna tena. Njia zote zinarudi mjini.

Kwa nini hiyo ni kazi ya katuni hasa? Kwa sababu katika katuni kila kitu kimetoka kalamu moja. Mstari uliochora nywele za binti ndio uliochora nyasi, mawimbi na mawingu. Kamera inapopiga picha nyasi, nyasi ni nyasi, na ukitaka zilaaniwe lazima uongeze kitu juu yake. Ito haongezi kitu. Anaukunja mstari aliokuwa nao tangu mwanzo. Ukirudi kwenye kurasa za kwanza, kabla mtu yeyote hajalitaja neno msokoto, unaikuta misokoto mawinguni na majanini. Ilikuwepo. Uliipita ukidhani ni upepo.

Kurudi nyuma huku ndiko rafiki yako alikokusahau. Anasema msomaji anaweza kufunga. Hakusema anaweza pia kurudi. Katika filamu kilichopita kimepita, angalau mpaka uishike rimoti. Katika katuni ukurasa wa tatu bado upo ukiwa wa kumi na moja, na vidole vyako vinarudi vyenyewe kuhakiki. Ukikuta kweli kile kitu kilikuwepo, dirishani, nyuma ya mama anayepika, hofu yake ni ya aina nyingine. Ni ile ya kujua kwamba ulikuwa nacho chumba kimoja muda wote.

Kabla ya Ito kulikuwa na Shigeru Mizuki, aliyezaliwa 1922 na kukulia Sakaiminato, mji wa bandari. Utotoni mwake kulikuwa na bibi mmoja aliyemwita NonNonBa, aliyemfundisha majina ya yokai, yaani mazimwi na mizuka ya kule. Dari ikiwa na madoa, bibi anaeleza: kuna kiumbe huja usiku kuilamba. Mizuki alikwenda vitani akapoteza mkono wa kushoto, akarudi akaishi kwa kuchora, na baadaye akamchora yule bibi katika kitabu kilichobeba jina lake. Watu wake ni katuni kabisa, mistari michache, pua kama viazi. Nyuma yao msitu umechorwa jani kwa jani, kila jiwe na kivuli chake. Matokeo yake mtu anaonekana ni mpita njia tu na msitu ndio wenye makazi.

Mizuki pia aliwahi kuchora kamishibai, tamthilia za karatasi. Muuza pipi alikuwa akiegesha baiskeli mtaani, watoto wakijikusanya, naye akisimulia huku akichomoa picha moja baada ya nyingine kutoka kwenye kasha la mbao. Fundi hakuichomoa picha yote kwa mpigo. Aliisogeza nusu, watoto wakaona mkono tu wa kiumbe, akanyamaza. Huo ni mwanya kati ya fremu, isipokuwa umetengenezwa kwa mbao na pumzi ya msimulizi.

Sasa macho mekundu ya jini wako. Hapa nitakuwa mkali kidogo, univumilie. Kwa miaka mingi, Usukumani na jirani zake, vikongwe wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na moja ya ushahidi uliotajwa ilikuwa wekundu wa macho. Wekundu huo ulitoka jikoni, moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe kwa miaka arobaini ya kuwapikia watu haohao. Unapochukua alama hiyo na kumpa kiumbe anayekula watu, hujazua kitu; umekopi ushahidi wa uongo. Waingereza nao wana upande huu. Miongoni mwa filamu za awali za kundi hili ipo ya mwaka 1968 kuhusu Matthew Hopkins, mtu halisi aliyezunguka mashariki ya Uingereza kati ya 1645 na 1647 akiwasaka "wachawi" kwa malipo. Humo hakuna mchawi hata mmoja wa kuogopwa. Anayetisha ni msakaji, na wanakijiji wanaomwonyesha nyumba.

Katuni ya Kimarekani Harrow County, ya Cullen Bunn na Tyler Crook, iliyotoka kuanzia 2015 hadi 2018, inalishika hili vizuri. Kijiji kilimwua mchawi zamani kwenye mti mmoja mkubwa. Msichana aitwaye Emmy, anayekaribia kutimiza miaka 18, anaanza kushukiwa kuwa ni yuleyule aliyerudi, na waliomlea ndio wanaonoa visu. Tunasimama upande wa Emmy. Crook ameichora kwa rangi za maji, mashamba ya kupendeza kabisa, na huliingiza jina la hadithi ndani ya mandhari yenyewe mpaka neno na nchi vinakuwa kitu kimoja. Kwa hiyo sikukatazi kuchora imani za watu wetu. Nakuomba tu uamue mapema nani anatisha, na usimwachie kalamu iamue kwa mazoea.

Basi tuzichukue kurasa zako nne. Zichore kwenye karatasi moja ya A3 uliyoikunja katikati. Ukurasa wa kwanza uko nje peke yake, wa pili na wa tatu vinatazamana ndani, wa nne uko nyuma na hauonekani mpaka karatasi igeuzwe. Mashine yote ya kutisha unayo hapo tayari, bila gharama.

Jini mtoe ukurasa wa kwanza. Mahali pake mchore mwalimu anashuka kwenye basi na begi lake, vumbi, na mbuyu kwa mbali, mdogo kama kidole gumba. Wanakijiji wamempokea. Kila kiputo cha maneno kiwe na ukarimu: karibu mwalimu, umekula mwalimu, lete mzigo mwalimu. Katikati ya ukarimu huo, mtu mmoja amwulize jambo ambalo sisi huuliza kila siku: kwenu mmezaliwa wangapi? Usiweke msisitizo wowote. Herufi zilezile.

Ukurasa wa pili umpe mbuyu. Fremu tatu za upana mmoja, pembe ileile, kama kwamba mchoraji hakusogea: asubuhi, adhuhuri, magharibi. Umeshaona mahali pa mizimu, huhitaji nikueleze: vipande vya kitambaa chekundu, cheusi na cheupe, chupa tupu ya marashi, chetezo kilichopoa. Vichore kwa uangalifu wa mtu anayechora mali ya mwenzake. Katika fremu ya tatu kuwe na kamba mpya kwenye tawi la chini, haijafungwa kitu. Asiseme mtu yeyote.

Ukurasa wa tatu ni darasani. Fremu ya juu, mwalimu anaandika ubaoni, watoto wameketi, na wawe wanahesabika. Chora vichwa kumi na sita. Fremu ya kati, uleule mkao, vichwa kumi na tano na dawati moja lina nafasi. Wasomaji wengi hawatahesabu. Watahesabu baadaye. Fremu ya mwisho, pembeni chini kulia, mahali jicho linapofika kabla ya mkono kugeuza karatasi: watoto wote wamesimama kwa heshima na wanatutazama sisi, mwalimu hayumo kwenye picha. Kiputo kimoja kinachotoka vinywani mwao wote: "Shikamoo mwalimu."

Ukurasa wa nne mbuyu peke yake, ukurasa mzima, mchana kweupe, ndege kwenye matawi. Meno hayatahitajika. Ila rudi sasa hivi ukamrekebishe mwalimu wako kwenye fremu ya kwanza kabisa, pale anaposhuka kwenye basi: mvalishe shati la mistari, mistari mipana ambayo mtu haisahau, kwa sababu ile kamba ya tawi la chini itakuwa imefungwa kipande cha kitambaa.